Fidia ya ajali Dodoma: mkupuo, awamu au malipo ya kila mwezi?

Mtu akigongwa Nanenane, au akidondoka kwenye jengo linalojengwa Mtumba, ndugu wakikusanyika wodini swali la kwanza huwa ni shilingi ngapi. Swali la zitalipwaje huja mwishoni, na mara nyingi linakuwa limeshajibiwa na mtu mwingine: ofisa wa kampuni ya bima aliyeleta karatasi ya kusaini, au mwenye bajaji aliyekuja na bahasha na maneno matamu, "Mama, tumalizane tu, tusisumbuane."

Kwa hapa kwetu sura za malipo ni tatu. Kuna mkupuo, unapewa yote mara moja na mnaachana. Kuna awamu, mdaiwa anatoa kidogo kidogo hadi deni liishe. Na kuna pensheni, inaingia kila mwezi kama mshahara. Msimamo wangu niuseme mapema. Pensheni ya mfuko ndiyo bora pale unapostahili, mkupuo unafuata, na awamu za mtu binafsi ziwe za mwisho kabisa, labda ziwe zimeandikwa mahakamani. Awamu na pensheni zinafanana kwenye kalenda tu. Nyuma ya pensheni kuna mfuko wa kisheria; nyuma ya awamu za mtu kuna huyo mtu, na pikipiki yake inaweza kuuzwa kesho.

Mlipaji ni nani?

Aliyeumia kazini akiwa ameajiriwa Tanzania Bara, serikalini au sekta binafsi, mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwenye mshahara wako, uliza.

Aliyegongwa na gari, bajaji au pikipiki anaangalia bima ya mtu wa tatu, ile inayolipa walioumizwa na chombo, ambayo sheria inawalazimisha wenye vyombo vya moto kuwa nayo. Chukua namba ya usajili, iingize kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, utaona kama chombo kina bima hai na ni ya kampuni gani. Fanya hivyo mapema, kabla hujakaa kikao chochote na mwenye gari, kwa sababu bima nyingi zina sharti kwamba mteja asikubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kujua. Mkishayamaliza wenyewe chini ya mti, kampuni inaweza kupata kisingizio cha kujitoa.

Kama hakuna bima, kinachobaki ni mfuko wa aliyekugonga.

Mwenye bahati mbaya kuliko wote ni dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu ya kila siku kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki. Bila ajira inayoeleweka, mlango wa WCF ni mgumu kuufungua, na bima ya mtu wa tatu ya pikipiki aliyokuwa akiiendesha haimlipi yeye kama ndiye aliyesababisha ajali. Anayeendesha kwa hesabu na ana familia, suala la mkataba wa maandishi na tajiri wake alizungumze akiwa mzima.

WCF na kampuni ya bima, bega kwa bega

Tuchukue fundi umeme wa mshahara wa 600,000 aliyeanguka kutoka kwenye ngazi Iyumbu. Akiwa anauguza na hawezi kufanya kazi, WCF humlipa asilimia 70 ya mshahara, yaani 420,000 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Matibabu ni mkoba mwingine kabisa, hayaliwi ndani ya hizo 420,000. Hali ikishatulia, madaktari wanapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia, na hapo njia inagawanyika. Ulemavu wa asilimia 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, anaingia kwenye pensheni ya kila mwezi.

Kwa hiyo kwa WCF hakuna fomu ya kuchagua "nataka mkupuo" au "nataka pensheni". Kinachochagua ni ile tarakimu ya daktari, na ndiyo maana nashangaa watu wanapoenda kupimwa kana kwamba wanaenda kugonga muhuri. Wanaonyesha mguu uliovunjika, kwa vile ndio unaouma. Sikio lililoanza kuvuma tangu siku ya ajali hawalitaji. Vidole viwili visivyokunja wanaona aibu kuvisema, kizunguzungu wanakiita uchovu. Kati ya asilimia 28 na 33 kuna tofauti ya maisha: upande mmoja unapewa fedha mara moja, upande mwingine fedha zinaingia kila mwezi. Andika kila badiliko la mwili tangu ajali, hata linaloonekana dogo, na ukiona ripoti imeruka kitu, omba uamuzi upitiwe upya. Taarifa yenyewe isicheleweshwe. Sheria inataka madai yafikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na kuna waajiri wanaosema "tunalishughulikia" hadi miezi hiyo ikakatika.

Najua wengi wangetamani mkupuo hata wakistahili pensheni. Nchi hii imebishana vya kutosha juu ya kikokotoo cha mafao, mwaka 2018 na tena 2022, na kilio cha wastaafu kilikuwa hichohicho: nipe changu chote nimalizie nyumba. Kwa mstaafu wa miaka 60 naielewa hoja hiyo. Kijana wa miaka 32 mwenye ulemavu wa asilimia 60 hesabu yake ni nyingine. Ana miongo mitatu ya kodi ya nyumba na ada za shule mbele yake, na mkono usiobeba tena mfuko wa saruji. Kwake pensheni ina faida moja ambayo hakuna anayeisema hadharani: shemeji hawezi kuikopa yote kwa siku moja.

Kampuni ya bima inafanya kazi kwa mtindo mwingine. Hulipa mara moja na kufunga faili. Mezani kwao hakuna pensheni, hivyo mjadala unahusu kiasi na wakati. Nyaraka zinazoombwa kwa kawaida ni fomu za polisi (PF 3 ya matibabu, PF 90, PF 115), ramani ya tukio, taarifa ya daktari, risiti za hospitali, kitambulisho, na nakala ya hukumu kama dereva alishtakiwa. TIRA, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, inazitaka kampuni zilipe ndani ya siku 45 tangu madai yakamilike. Neno la kuangalia hapo ni "yakamilike". Karatasi moja ikikosekana, siku hazijaanza kuhesabiwa, na danadana nyingi zinapita kwenye tundu hilo. Peleka nyaraka zote pamoja, zikiwa na barua ya kuziorodhesha, na nakala ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa.

Halafu inakuja ile karatasi. Wengi wanaiita "dischaji". Maneno yake huwa ya aina hii: "Nimepokea kiasi hiki kama malipo kamili na ya mwisho, na ninaiondolea kampuni pamoja na mteja wake madai yote yaliyopo na yatakayojitokeza kutokana na ajali hii." Soma tena "yatakayojitokeza". Mtu amefungwa antena mguuni, vile vyuma vya nje vya kushikilia mfupa, daktari amemwambia arudi kliniki, mfupa haujulikani kama utaunga sawasawa, na kuna vyuma vya ndani vitakavyohitaji upasuaji mwingine wa kuvitoa. Akisaini wiki hii, gharama ya upasuaji huo ni yake.

Ukiniuliza kosa gani linawagharimu watu fedha nyingi kuliko yote, ni kusaini kabla jeraha halijatulia. Bei ya mguu haijulikani mguu ukiwa bado kwenye antena. Una muda: ukomo wa kufungua madai ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka mitatu, na daktari anaweza kuandika makadirio ya matibabu yajayo ili yaingie kwenye hesabu. Kama njaa imebana kweli, iombe kampuni kwa barua ilipie bili ya hospitali kwanza kama sehemu ya fidia, na barua hiyo iseme wazi kwamba hayo si malipo ya mwisho. Wanaweza kukataa. Lakini kuomba hakukufungi, kusaini kunakufunga. Kiasi kikionekana cha dharau, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama.

Aliyegongwa na gari akiwa kazini ana milango yote miwili mbele yake. Huyo awaone WCF kwanza kabla ya kusaini chochote cha bima, maana karatasi ya upande mmoja inaweza kugusa madai ya upande wa pili.

Mwenye chombo akisema, "Nitalipa kidogo kidogo"

Hapa ndipo penye chaguo la kweli, na ndipo watu wengi wa Dodoma wanapojikuta, kwa kuwa bajaji na pikipiki zenye bima iliyokwisha ziko nyingi barabarani.

Tuseme tajiri wa pikipiki anakupa njia mbili: milioni 6 leo, au milioni 9 kwa awamu za 300,000 kwa miezi 30. Masikioni 9 inaishinda 6. Sasa hesabu hivi: ili awamu zifikie tu ile milioni 6 uliyoikataa, lazima alipe miezi 20 mfululizo bila kukosa. Akiishiwa nguvu mwezi wa nane, una milioni 2.4 mkononi na kesi kichwani. Mjiulize nyumbani, je, mnamwona mtu huyu akilipa miezi 20 bila kukosa? Kama hamna uhakika, milioni 6 ni kubwa kuliko 9.

Kama leo hana hiyo 6, basi awamu ni lazima, na hapo kazi ni kuziimarisha. Mimi ningeanza na malipo mazito ya mwanzo. Atoe nusu papo hapo, hata kwa kuuza kitu, na nusu ya pili igawanywe. Milioni 4.5 leo na 300,000 kwa miezi 15 ni mpango wa mtu mwingine kabisa ukiulinganisha na ule wa miezi 30, ingawa jumla ni ileile.

Kisha fuata kalenda ya mapato yake, usifuate yako. Mtumishi wa serikali alipe mshahara unapotoka. Mwenye bodaboda alipe kila Jumatatu, kiasi kidogo, kwa sababu hesabu anaipokea kila siku na ikifika mwisho wa mwezi imeshaliwa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi ukimdai kila mwezi unajitafutia visingizio. Huyo mwandikie awamu kubwa mbili kwa mwaka zinazoangukia mavuno. Wa alizeti ana msimu mmoja tu, baada ya masika. Mfugaji ataahidi kuuza ng'ombe mnadani Msalato. Sawa, ila kwenye karatasi andika shilingi, usiandike idadi ya ng'ombe, maana bei ya mnada wa kiangazi kikali si bei ya baada ya mvua.

Dhamana nayo ipo ya aina aina. Kushikilia kadi ya pikipiki kunasaidia kidogo, ila anaweza kudai imepotea. Mdhamini mwenye mshahara anasaidia zaidi. Na sentensi moja iwemo bila kukosa: "Mdaiwa akishindwa kulipa awamu yoyote kwa siku saba baada ya tarehe yake, salio lote litadaiwa kwa mkupuo." Bila sentensi hiyo utabaki unadai 300,000 moja moja hadi uchoke, na kuchoka kwako ndiko anakokungojea.

Yaandikwe wapi? Karatasi ya kituo cha polisi au ya ofisi ya mwenyekiti wa mtaa ina thamani ya ushahidi, haina meno. Asipolipa, inabidi ufungue kesi upya kuthibitisha kwamba mlikubaliana. Makubaliano yaliyosajiliwa ndani ya kesi ya madai yanageuka hukumu. Akikiuka, unaomba kukazia hukumu, na dalali wa mahakama anaweza kukamata mali. Deni la hukumu pia linabeba riba, kwa kawaida asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu hadi litakapolipwa. Lakini jihadhari: hata bila wewe kutaka, mahakama inaweza kuamuru deni lilipwe kwa awamu ikiona sababu za kutosha. Fika siku hiyo ukiwa na ushahidi wa mali alizonazo, usimwachie yeye peke yake aeleze umaskini wake.

Pia asikudanganye mtu kwamba mkimalizana kesi ya barabarani inakufa. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri.

Kujitengenezea pensheni kwa mkupuo

Marekani kuna utaratibu ambao kampuni ya bima inaweka fidia kwenye mpango wa kulipa kwa miaka mingi, na tangu 1982 sheria ya kodi imeupa unafuu. Zikazuka kampuni za kununua malipo hayo kwa bei ya kutupa kutoka kwa waliobanwa na shida, hadi mwaka 2002 ikawekwa kodi ya asilimia 40 kwa mnunuzi asiye na kibali cha mahakama. Kwetu mpango huo haupo, ila wanunuzi wa shida za watu tunao. Mkopeshaji wa kausha damu anayeshika kadi yako ya benki na namba ya siri anafanya biashara ileile. Mwenye pensheni ya WCF asimpe kadi hata kwa usiku mmoja.

Aliyepata mkupuo wa bima anaweza kujitengenezea mapato ya vipindi. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha Serikali kwa riba, zinanunuliwa kuanzia shilingi milioni 1, zina muda wa kuanzia miaka 2 hadi 25, na riba huingia kwenye akaunti kila miezi sita. UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wana mifuko inayotoa gawio kwa vipindi, ikiwamo kila mwezi kwa mwenye kiasi kinachotosha. Ukilinganisha na kununua bajaji mbili na kuwapa vijana, bajaji zinaleta zaidi mwaka wa kwanza, halafu zinaanza kula injini. Na mwenye mguu mbovu hawezi kuzifuata barabarani kujua zinashinda wapi. Ningelipa madeni, ningetenga ya upasuaji uliobaki, na kinachosalia ningekigawa, kingi kikienda mahali ambapo ndugu hawawezi kukitoa kwa simu.

Zipite njia gani

Akaunti ya benki kwa jina lako ndiyo njia ya kwanza. Inaacha kumbukumbu na haina mtu wa kati. Simu inafaa kwa awamu ndogo, na ujumbe wa muamala ni risiti nzuri, lakini kwa mkupuo kuna ukomo wa kiasi na makato ya kutoa yanauma. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, isiwe ya kijana wa jirani. Taslimu ipokelewe ndani ya benki au isipokelewe.

Kupitia wakili si vibaya kama mmeandikiana ada tangu mwanzo na fedha zinaingia kwenye akaunti yake ya wateja, kisha anakupa mchanganuo: kilichoingia, alichokata, kilichobaki. Wakili anayekasirika ukiomba mchanganuo ameshakujibu. Vishoka wanaozunguka wodini wakitaka saini ya kuwapokelea fidia ni habari nyingine kabisa. Usiwape saini, wala nakala ya kitambulisho.

Mtoto, marehemu, na gari la serikali

Mtoto aliyeumia haingii makubaliano mwenyewe. Kesi ikiwa mahakamani, anayemwakilisha anahitaji ruhusa ya mahakama ili kumaliza madai kwa niaba yake na kupokea fedha. Wazazi wengi huona huo ni usumbufu. Mimi nauona ni ulinzi, kwa sababu fidia ya mtoto wa miaka sita inatakiwa bado iwepo atakapofika kidato cha kwanza.

Aliyefariki, kampuni itadai msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kwa hiyo kikao cha ukoo cha kumpendekeza kisingoje arobaini. Kwa WCF wategemezi wana mafao yao, na mwenzi na watoto hawalipwi kwa sura ileile, hivyo peleka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa mapema.

Na huu ni mji wa magari ya serikali. Ukigongwa na gari lenye namba za STK, za magari ya serikali, andika namba yake na jina la taasisi kama limeandikwa mlangoni. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na ukishinda, dalali hawezi kukamata gari la wizara kama anavyokamata bajaji. Hukumu hupelekwa kwenye taasisi husika ili ilipe kwa utaratibu wa Serikali. Mlipaji huyu hafilisiki, ila anachukua muda, na zile siku 90 zinatakiwa ziwe zimekwisha kabla miaka mitatu ya ukomo haijakufungia mlango.